Mikato Mitatu na Mmoja wa Kulala

Changamwe, Mombasa
11 Oktoba 1998

Dada Nyevu,

Nakusalimu wewe, Mama, shemeji Tsuma na watoto mpaka yule wa mwisho ambaye sijamwona. Mimi ni mzima, ingawa uzima wenyewe ni wa kwenye barua tu. Kifua kinakwaruza kama mtu anasugua sufuria ndani, na asubuhi natema makohozi ya kijani. Usimwambie Mama.

Bandarini nimeacha. Mgongo ulikataa magunia. Sasa niko kwenye yadi ya vyuma. Mwenzangu Iha, mtu wa Kaloleni, anakata vyuma na kuviunga kwa moto, mimi navikwangua kutu na kuvipaka rangi. Tunatengeneza miguu, kama miguu ya meza, lakini meza ya majitu, maana mguu mmoja unanifika kifuani. Ya nini sijui. Kibarua haambiwi.

Msimamizi ni mtu wa makelele. Siku ya kwanza alitutupia patasi akasema, "Kila mmoja achape alama yake kwenye kazi yake. Nikiona kutu nijue wa kumtukana." Iha anachapa chini, kwenye unyayo, msalaba mmoja basi. Mimi nachapa juu, karibu na kichwa. Mkono ulikwenda wenyewe: mikato mitatu na mmoja wa kulala, ile alama ya Baba ya kwenye mizinga ya nyuki na mtumbwi. Nilicheka peke yangu. Miaka minne sijafika nyumbani, na alama imekuja kunitafuta kwenye uchafu huu.

Maana ni uchafu, dada. Mtaro wa maji meusi unapita nyuma ya jiko, na maharage ya mchana yana wadudu. Iha anasema, "Kula, hiyo ndiyo nyama yako." Nilikula. Jambo la kuchukiza zaidi ni kwamba nilishiba.

Juzi nilikutana na mtu wa Garsen, akaniambia kuna watu wanapima ardhi kwetu Mikameni. Ni kweli?

Ndugu yako,
Komora

*

Mikameni, Garsen
5 Novemba 1998

Mdogo wangu Komora,

Sote tumepokea salamu zako, ila ile ya kifua nimeimeza mwenyewe. Barua ilikaa siku nane dukani kwa Abdinur pale Garsen, kwa sababu basi lilikosa askari wa kulisindikiza dhidi ya majambazi. Abdinur anasema barua zako zinanuka rangi, anaziweka mbali na sukari.

Mama anaendelea, ila macho yamefunga ukungu. Ananitambua kwa hatua. Watoto wamepona malaria. Mvua za vuli zimekataa mpaka leo, na mto uko chini kabisa, viboko wamebaki kwenye vidimbwi wakigombana.

Ni kweli wamepima. Walikuja mwezi wa tisa, ardhi imepasuka. Walipima bonde letu la mpunga lote, kuanzia ukingo wa mto mpaka njia ya ng'ombe wa wale wafugaji, kina Wako. Unajua tope alilotuachia El Niño pale. Mwaka huu tulikuwa tunasubiri maji yapande na kushuka tu, tupande kuliko miaka yote. Waliuliza ni la nani. Waliambiwa ni la mto. Wakaandika, wakatia sahihi, wakaondoka.

Sasa wameweka ubao: HAPA PATAJENGWA SHAMBA LA UMEME WA JUA. Mtu asilime, asilishe, asipite. Tsuma aliwauliza, "Shamba? Mnapanda nini?" Wakamwambia, "Vioo." Umeme utakwenda kwenye nyumba ya barafu ya samaki kule barabarani. Kwetu hautafika, nimeuliza.

Injinia wao alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Alipomaliza akatoa leso akajifuta vidole, kidole baada ya kidole, tukimtazama. Mama haoni vizuri, lakini hilo aliliona.

Utunze kifua. Chemsha tangawizi.

Dada yako,
Nyevu

*

Changamwe
22 Novemba 1998

Dada Nyevu,

Nawasalimu wote. Mpe Mama pole ya macho. Tangawizi nimechemsha, haikusaidia kitu, ila chumba kimenukia vizuri siku moja.

Nimesoma barua yako mara tatu na mara zote nimetaka kutapika. Nani aliwajibu wale watu? Unaandika "waliambiwa", kana kwamba ardhi ilijiambia. Mtu alifungua mdomo. Ni mumeo? Niambie kama ni Tsuma, maana namjua, akiona mtu mwenye kalamu magoti yake yanalegea. Mwambie mimi Komora nimesema ni mjinga, na kama alipewa chochote kisimshuke kooni.

Mpunga wa bonde lile ndio ulionilipia shule mpaka darasa la sita. Ndio uliomzika Baba, kwa sababu hakuna mtu aliyerudi na njaa siku ile. Leo mtu anajifuta vidole halafu analichukua kwa karatasi moja! Na ninyi mmesimama mnatazama leso!

Hapa tumebaki sisi wawili kwenye yadi. Wengine wamefukuzwa kwa kukohoa. Mimi nakohoa nikiwa chooni.

Nijibu hilo moja tu. Nani alijibu?

Komora

*

Mikameni
17 Januari 1999

Mdogo wangu,

Tumemaliza mwaka salama. Mama alikwenda kanisani Krismasi akashikwa mkono na watoto, akaimba mpaka sauti ikakauka. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Tsuma nimemsomea salamu zako, isipokuwa zile za magoti. Amepata kibarua cha ulinzi kwa watu wa vioo. Amepewa koti na rungu. Usianze kutukana. Bonde limefungwa, tunakula nini?

Uzio umepita katikati ya njia ya ng'ombe. Wako alikuja na ng'ombe wake wote wana kiu, akasimama mbele ya waya, akaniita kwa sauti ile yake: "Nyevu! Miaka kumi umenifukuza hapa kwa panga, leo umepata waya? Ungeniambia umetajirika, ningekuja na maziwa!"

Nikamwambia, "Waya si wangu, Wako."

"Najua si wako. Wewe unafukuza ng'ombe wakiwa wameshakula. Huu unawafukuza kabla." Akacheka, lakini uso haukucheka. Amezunguka nao mpaka kule kwenye mamba, amepoteza ndama wawili.

Lori lilileta miguu ya chuma ya kuwekea hivyo vioo. Ya kijani, rangi ya majani ya mgomba mchanga. Wameichimbia kwa zege, yaani saruji imeingia mahali tulipokuwa tunatia mbegu kwa kidole. Wanasema ifikapo Machi mwisho vioo vyote vitakuwa juu.

Kuna kikao mwezi ujao Garsen, kwa ofisa wa ardhi. Mwenye dai apeleke. Watu wanatazamana tu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Uliloniuliza, nitakujibu siku nyingine.

Nyevu

*

Changamwe
14 Februari 1999

Dada,

Nawasalimu. Hongereni kwa mapacha wa mbuzi.

Nenda kwenye kikao. Simama useme bonde ni letu, taja jina la Baba, taja la babu. Usiogope watu watasemaje. Wale wana karatasi na ninyi mna haya, na haya haijawahi kushinda karatasi. Miguu mia mbili na arobaini imesimama kwenye mpunga wetu na bado mnatazamana nani atangulie kuonekana mlafi! Inatia kinyaa.

Kazi ni ile ile. Sina habari.

Komora

*

Mikameni
21 Machi 1999

Komora,

Mama anakusalimu. Anauliza kwa nini barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Nilimwambia una kazi nyingi. Watoto wazima. Mapacha wa mbuzi amebaki mmoja.

Sikukuandikia kwamba ni mia mbili na arobaini. Nilikuwa sijui. Nilipopata barua yako nilikwenda nikahesabu kupitia kwenye waya, na ni kweli, mia mbili na arobaini kamili. Umejuaje?

Lakini kwanza nilipe deni langu, ndipo nikudai lako. Nilikwenda kwenye kikao. Nilisimama nikasema, "Bonde lile ni letu, la nyumba ya Buya na nyumba nyingine kumi na sita." Ofisa akafungua faili, akanisomea: wenyeji walikiri mbele ya mashahidi kwamba ardhi haina mwenyewe. Akanigeuzia karatasi nione jina la aliyekiri. Nyevu Buya. Sahihi yangu, ile ya kujifunza shuleni, yenye mkia.

Ni mimi niliyejibu. Umemtukana Tsuma bure, na mimi nikakuacha umtukane.

Unajua mwenyewe ilivyo kwetu. Maji yakiwa hayajapanda na kushuka, pale hapana mwenye pale. Yakishuka tunakwenda siku moja, wote, na Mzee Dabaso mbele, kila nyumba na fimbo iliyokatwa alama yake. Tunatazama tope la mwaka huu limekaa wapi, tunagawana, fimbo zinasimama, ndipo unasema "pangu". Ukisema kabla ya hapo wewe ni mlafi, umeuita mto ukufanye mtumwa. Nyanya alikuwa akitema mate akilisikia neno hilo mdomoni mwa mtoto.

Sasa fikiria. Mgeni ameuliza, "Hapa pa nani?" Watu wamesimama nyuma yangu, nyumba zote kumi na saba. Mimi ndiye mwenye Kiswahili cha shule. Nikasema, "Ni pa mto, bwana." Njiani walinisifu. Mzee Dabaso alisema nimejibu kama mtu aliyelelewa.

Nimejichukia, Komora. Na nimeichukia ile adabu yenyewe, halafu nikaogopa kwamba nimeichukia, maana nikiitupa hiyo nabaki na nini?

Sasa wewe. Mia mbili na arobaini umezijuaje?

Nyevu

*

Changamwe
11 Aprili 1999

Dada Nyevu,

Mama asisomewe barua hii. Mwambie nawasalimu wote, uishie hapo.

Miguu ni yangu. Ni mimi niliyeipaka. Mwezi wa kumi na mbili lori lilikuja kupakia, na kila bunda lilikuwa na kibandiko cha karatasi. Nilisoma GARSEN. Nilimwonyesha Iha, akasema, "Si ndiko kwenu? Basi kwenu kumepata maendeleo." Nikaendelea kupaka. Nilijua, nikapaka. Mabunda mawili yalikuwa bado, nikayamaliza, na sikuyapaka vibaya makusudi kama mwanamume mwingine angefanya. Niliyapaka vizuri. Mkono umeshazoea kuogopa matusi.

Jambo moja nililifanya, nikuambie usifikiri sikufanya kitu kabisa. Nilimwendea msimamizi nikasema, "Mzee, miguu hii ni mifupi. Mimi ni mtu wa kule. Maji ya El Niño yalifika kwenye paa la mama yangu." Akanitazama tangu juu hadi chini. "Wewe unapaka rangi au unapima mvua?" Watu wa lori wakacheka. Mimi pia nikacheka, dada. Nilicheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniamsha.

Halafu nakuandikia wewe kuhusu kinyaa, nakufundisha kusimama mbele ya ofisa, na kucha zangu zina rangi ya shamba letu hata nikisugua kwa mafuta ya taa. Nikila ugali naiona. Sahihi yako ilikuwa moja. Mimi nilichapa mia mbili na arobaini.

Mwombe shemeji msamaha kwa niaba yangu. Mimi sina uso.

Komora

*

Mikameni
18 Julai 1999

Mdogo wangu Komora,

Tuko hai sote, naanza na hilo maana najua redio imewatisha. Mama yuko hai, yuko hapa pembeni anachambua mchele kwa vidole. Mbuzi wote wamekwenda. Nyumba ilianguka upande wa jiko. Nimekaa miezi mitatu bila kukuandikia, na maji ni sababu ya miwili tu. Mwezi wa kwanza sikutaka.

Mto ulianza kupanda mwisho wa Aprili. Haukufika pale pa El Niño, ulifika shingoni mwa mtu mzima, basi. Lakini miguu yako ilikuwa mifupi, kama ulivyosema. Vioo vilikaa chini ya maji siku ishirini na sita. Magogo yalikuja yakavipiga. Kiboko mmoja alipata mahali pa kujikunia mgongo. Maji yalipopungua watu wa vioo walikuja na boti, injinia na leso yake puani kwa sababu ya samaki waliooza. Walifungua vioo vilivyobaki, wakakunja waya, wakapakia. Nikamuuliza, "Na hii miguu?" Akasema, "Imeshikwa na zege, mama. Gharama ya kuing'oa ni kubwa kuliko yenyewe." Hakusema kwaheri. Tsuma walimwachia koti. Ubao ameung'oa, ni mlango wa choo.

Tulifurahi, sikufichi. Juma lililopita ardhi ilikuwa imeshika, na Mzee Dabaso akapiga mbiu. Tukatoka nyumba zote na fimbo zetu, kama miaka yote, watoto wanachapana tope. Mimi nilikuwa na fimbo ya Baba, ileile.

Mzee Dabaso alitangulia. Akafika kwenye mguu wa kwanza akasimama. Mchanga wa mto ulikuwa umekwangua rangi, na pale juu, karibu na kichwa, mikato ilikuwa inaonekana nyekundu kwa kutu. Mitatu, na mmoja wa kulala. Akaenda wa pili. Akaenda wa kumi. Watu wakaanza kukimbia huku na huku, wakiita, "Na huu! Na huu pia!" Halafu wote wakanigeukia.

Hukunikumbusha ulichapa nini, Komora. Uliniandikia tu mara moja, mwanzoni, nikasahau.

Mke wa Dabaso alikuwa wa kwanza. "Hongera, Nyevu," alisema. "Sasa nyinyi ndio mto."

Mwingine akasema, "Ndiyo maana alisimama mbele ya mgeni akasema hapana mwenyewe! Na mumewe kavaa koti! Na ndugu yake yuko Mombasa anatengeneza fimbo za chuma! Walipanga nyumba nzima!" Walinitemea mate, si karibu, lakini nilijua ni mimi. Wanawake niliojifungua nao siku moja.

Nikapiga kelele, "Ni alama ya kazi tu! Msimamizi alimwambia achape!"

Mzee Dabaso akainua mkono. Alikuwa na hasira, lakini anaipenda sheria kuliko anavyotuchukia sisi. Akasema, "Maji yameshuka. Alama zimesimama. Hakuna aliyezing'oa wala maji hayakuzing'oa. Bonde lote mwaka huu ni la nyumba ya Buya." Akairudisha fimbo yake begani akaenda kwake. Wote wakamfuata na fimbo zao, hata moja haikusimikwa.

Tulibaki mimi na Tsuma na lile bonde. Tope jeusi, laini, ungelikanyaga ungelia. Wako alikuwa amekuja kuangalia njia yake, akaona yote. Akasema, "Kwangu ni nafuu. Zamani nilikuwa nawaomba njia watu kumi na saba, sasa ni wewe peke yako. Leo ng'ombe wapite wapi, Mheshimiwa?" Kisha akaniona uso, akaacha mzaha. Akasema polepole, "Dada, hata mimi nisingekula mpunga huu."

Tsuma anasema tunyamaze, tumepewa. Anasema, "Walipotunyang'anya kwa karatasi nani alitulilia? Leo sheria yao wenyewe imetupa. Tulime mwaka mmoja tu, tujenge nyumba, kisha tuwarudishie." Sikulala siku mbili nikiyafikiria maneno yake. Nilikwenda bondeni nikachukua tope mkononi. Nilihesabu magunia, Komora, nilihesabu mpaka bati la paa. Halafu nikainua macho nikaona mkono wako kila upande ninaotazama, kila upande, kama uchafu wa nzi ukutani, nikalitupa lile tope nikaenda kunawa mtoni. Nilinawa sana. Nikamkumbuka injinia na leso.

Nilimwambia Mama. Ilibidi nimsomee barua yako ya Aprili pia. Kisha akasema, "Alama haifutwi na mtu mwingine. Mkono uliokata ndio ufute. Mwite aje na tupa ya kusugulia chuma."

Mzee Dabaso nimemuuliza, amekubali: ukizifuta mbele ya nyumba zote, zote mia mbili na arobaini, fimbo zitasimikwa upya. Usipofika kabla tope halijakauka, msimu umekwenda, na watu hawatatusamehe. Bado majuma matatu, labda manne.

Najua ukiondoka yadi hawatakupokea tena. Najua kifua chako. Sikubembelezi. Njoo na tupa.

Dada yako,
Nyevu

*

Changamwe
1 Agosti 1999

Dada Nyevu,

Salamu kwa Mama. Mwambie barua imefika, na imesomwa yote.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimechoka kusema kingine. Nilikaa nayo siku mbili nikifikiri kama Tsuma. Niliona bonde zima la kijani na mimi nimekaa chini ya paa la bati, sikohoi, simwogopi mtu. Nilifurahi, dada. Juu ya ndoo ya rangi, na maharage yale mkononi, nilikuwa tajiri kwa siku mbili. Jana niliamka nikiwa najichukia kuliko nilivyomchukia mtu yeyote mwaka huu, na unajua nimechukia wengi.

Nilimwambia msimamizi naondoka. Akasema, "Nenda, wako kumi mlangoni." Ni kweli walikuwepo, niliwahesabu, kumi na mmoja. Iha amenipa tupa yake kubwa. Nimenunua nyingine mbili, maana chuma kile nakijua, moja haitafika nusu. Alama nilichapa kwa nguvu. Nilikuwa natumia hasira yote pale.

Alhamisi nitakuwa Malindi kusubiri basi la Garsen na askari wake. Barua hii nampa dereva wa basi la leo aikimbize kwa Abdinur, huenda ikanitangulia. Msinipikie. Msiniletee watoto kunilaki. Mwambie Mzee Dabaso awatoe watu wote, na mke wake akae mbele, aone vizuri.

Nitaanza na miguu ile ya mbali kabisa, upande wa njia ya Wako, nirudi nayo kuelekea kwetu. Ile ya upande wetu itakuwa ya mwisho. Nikifika hapo, fimbo ya Baba uwe umeishika wewe, usiisimike mpaka wengine wote wamesimika zao.

Ndugu yako,
Komora